Nilikwenda Kumchukua Mtoto Katika Shule ya Wayahudi

Mama mwenzangu, kama unaishi Soweto hapa Mbeya, huhitaji kalenda ili kujua kwamba shule zinafungwa. Mwezi wa Juni, baridi inapouma, mabasi kutoka Iringa, Mafinga na Makambako hushusha watoto waliovaa masweta mawili mawili, kila mmoja na tranka lake na ndoo yake. Mwezi wa Desemba huwa hivyo hivyo, ila sasa ni mvua, na mama anayekwenda kumpokea mtoto ametoka shambani kupanda mahindi. Hapo sokoni Soweto akina mama huweka kando viazi vizuri na mkungu wa ndizi za Tukuyu, kwa kuwa mgeni anakuja.

Lakini pamoja na viazi hivyo, mama huweka kando swali moja ambalo hamwambii mtu: Je, mtoto niliyemtoa nyumbani ndiye huyu anayerudi?

Swali hilo ndilo lililonipeleka Uganda mwaka 2018.

Simu iliyoniudhi

Mdogo wangu aliolewa na Mgisu wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Ni Wakristo, kama sisi. Mwaka 2017 alinipigia simu kunieleza kwamba kijana wao wa kwanza ameanza kidato cha kwanza katika Shule ya Sekondari ya Semei Kakungulu. Nikauliza ni shule ya kanisa gani. Akacheka, akasema, “Dada, hiyo ni shule ya Wayahudi.”

Sikucheka. Nilimwambia maneno makali. Nilimuuliza kama kule Mbale shule zimekwisha, na kama amesahau jinsi mama yetu alivyotulea. Alinyamaza, kisha akasema, “Dada, njoo uone kwanza.” Tukakata simu, na kwa miezi mingi tulisalimiana tu, bila kuzungumza.

Novemba 2018 mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji. Shemeji aliniomba niende kumsaidia. Nikafunga safari ya basi: Mbeya hadi Arusha, Namanga, Nairobi, Malaba, Tororo, na mwisho Mbale. Nililala njiani mara tatu, na miguu ikavimba. Tulikubaliana kwamba shule ikifungwa nitarudi na kijana Mbeya kwa Krismasi, kwa sababu alikuwa hajamwona babu yake hata siku moja.

Wayahudi wa Mbale ni nani?

Mbale iko chini ya mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba. Ukitoka mjini kidogo unafika kilima cha Nabugoye. Migomba, mibuni, mbuzi, na watoto wakichota maji. Ungedhani uko Rungwe. Hapo juu pana sinagogi, yaani nyumba ya ibada ya Wayahudi.

Watu hawa huitwa Abayudaya, neno la Kiluganda lenye maana ya Wayahudi. Ni Waafrika kama mimi na wewe. Historia yao ilianza kwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitawala mashariki ya Uganda. Alikuwa Mkristo, na husimuliwa kwamba Biblia alijifunza kuisoma kwa Kiswahili. Baadaye alikosana na wakubwa wake, akazama katika Agano la Kale, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, akasema kuanzia sasa wao ni Wayahudi. Alifariki mwaka 1928. Waliomfuata waliendelea kuishika Sabato, kuanzia Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi jioni.

Halafu ukaja utawala wa Idi Amin. Dini yao ilipigwa marufuku katika miaka ya 1970. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu, na waliobaki walikuwa mamia machache tu. Walisali kwa siri, milango ikiwa imefungwa na sauti zikiwa chini.

Leo hali ni nyingine. Mwaka 2008 kijana wa jamii hiyo, Gershom Sizomu, alihitimu masomo ya urabi huko Los Angeles, Marekani, akarudi kuwaongoza watu wake. Na tangu mwaka 2004 wakulima wa kahawa wa sehemu hizo, Wayahudi, Wakristo na Waislamu, wana ushirika mmoja uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Ada za watoto wengi hutoka kwenye mibuni hiyo hiyo. Shuleni nako ni hivyo: watoto wa dini zote tatu hukaa dawati moja.

Hayo yote nilielezwa na shemeji nikiwa nabembeleza kichanga. Nilisikiliza, lakini moyo wangu ulikuwa bado mzito.

Wiki ya mwisho ya muhula

Jumapili, tarehe 2 Desemba, asubuhi tulikwenda kanisani. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mchana nikaenda shuleni peke yangu na kikapu cha maandazi. Kusema kweli, sikwenda kumwona mtoto tu. Nilikwenda kupeleleza.

Nilikuta nini? Nilikuta wiki ya kufunga shule. Wavulana walikuwa wamekunja suruali wakimwaga maji darasani na kusugua sakafu. Wasichana walikuwa wamekaa chini ya mti wakisukana. Kijana mmoja alikuwa akizunguka kumtafuta aliyeazima kitabu chake, kwa sababu asiyekabidhi kitabu haruhusiwi kuondoka. Jikoni palinukia maharage na posho, ambayo ni ugali wetu huu huu. Wakubwa wa kidato cha sita walipita na madaftari mikononi, midomo ikichezacheza, kwa kuwa mtihani wao ulikuwa haujaisha. Mambo hayo ningeyakuta katika shule yoyote ya Iringa.

Mwanangu alikuja mbio, akapiga magoti kunisalimu kama walivyo watu wa huko. Alikuwa amerefuka. Tulikaa kwenye nyasi, nikamuuliza bila kuzunguka, “Mwanangu, hapa wanakufundisha kuwa Myahudi?”

“Hapana, mama mkubwa. Kiebrania ni chao. Mimi ni Mkristo na wanajua.”

“Na Jumamosi?”

“Jumamosi wao hawasomi wala hawafanyi kazi. Sisi tunafua nguo.” Kisha akacheka. “Rafiki yangu ananiambia niombe mvua Jumapili, na yeye awe na zamu ya kufua mimi nikiwa kanisani.”

Nikamuuliza rafiki huyo ni nani. Akamwita. Alikuja kijana mwembamba mwenye kofia ndogo ya kusokotwa kichwani, akasalimia kwa adabu, akapokea andazi. Lakini kabla ya kulila aliniuliza kwa Kiswahili cha kujikokota kama nimelikaanga kwa mafuta ya nguruwe. Nikamwambia ni mafuta ya alizeti. Akashukuru, akanong’ona maneno ya baraka, ndipo akala.

Nikamtazama mwanangu. Yeye alikuwa tayari anamalizia andazi la pili, na hakuwa ameomba hata neno moja. Aliponiona namtazama, akaacha kutafuna.

Mama mwenzangu, hapo niliona aibu, na aibu hiyo haikuwa ya mtoto peke yake. Mimi mwenyewe niliyesafiri siku nne kuja kulinda imani yake nilikuwa nimefungua kikapu bila kushukuru.

Taa ya kwanza

Jioni ile ilikuwa mwanzo wa sikukuu yao iitwayo Hanuka. Mwaka ule iliangukia siku ile ile ya Majilio yetu. Wayahudi huwasha taa kwa siku nane, moja siku ya kwanza, mbili siku ya pili, na kuendelea. Wanakumbuka jinsi mfalme Antioko alivyowakataza kumwabudu Mungu, na jinsi Wamakabayo walivyolirudisha na kulitakasa hekalu la Yerusalemu, miaka zaidi ya 160 kabla ya Kristo. Mapokeo yao husema palipatikana mafuta ya siku moja tu, lakini yakawaka siku nane.

Mwanangu alinikumbusha jambo ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kuliona. Injili ya Yohana, sura ya 10, inasema Yesu alikuwa hekaluni wakati wa sikukuu ya Kutabaruku, na kwamba ulikuwa wakati wa baridi. “Ndiyo hii, mama mkubwa,” akasema. “Nilipoisikia hapa shuleni nilikwenda kuitafuta katika Biblia yangu.”

Nilisimama nyuma pamoja na Wakristo na Waislamu wengine waliotaka kutazama. Hakuna aliyetuita mbele wala aliyetufukuza. Waliimba zaburi kwa Kiluganda na Kiebrania, gitaa likiwasindikiza.

Karibu yangu alisimama bibi mmoja mzee aliyefunga kitambaa kichwani. Aliposikia natoka Tanzania alinishika mkono, hakuuachia. Mwanangu alitafsiri. Bibi alisema wakati wa Amin hawakuthubutu kuwasha taa za sikukuu mahali panapoonekana. Alisema Kampala ilipoangushwa na jeshi la Tanzania, tarehe 11 Aprili 1979, jioni hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kutoka utumwani Misri. Kisha akauliza, “Kwenu kuna aliyekuja?”

Sikuweza kujibu mara moja. Baba yangu alikuja.

Nilikuwa mtoto mdogo alipochukuliwa kwenda vitani mwishoni mwa mwaka 1978. Nakumbuka mama akiacha koroboi ikiwaka usiku, ingawa mafuta ya taa yalikuwa ya shida, na sisi watoto tukipiga magoti kando ya kitanda. Baba alirudi mwaka uliofuata, mguu mmoja ukichechemea. Mwenzake waliyetoka naye mtaa mmoja hakurudi. Tangu hapo baba hakuzungumza habari za Uganda. Mdogo wangu alipotaka kuolewa huko alisema neno moja tu, “Sawa,” akatoka nje.

Nilimwambia bibi, “Ndiyo, baba yangu.” Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Babu na mjukuu

Ijumaa, tarehe 7 Desemba, shule ilifungwa. Ripoti zilitolewa, matranka yakapakiwa juu ya bodaboda, na kabla jua halijatua rafiki yake mwanangu aliaga haraka ili awahi nyumbani kabla ya Sabato kuingia. Jumatatu tukaanza safari.

Kabla ya kuondoka niliomba radhi kwa mdogo wangu. Nilimwambia, “Ulisema nije nione, nami nilihukumu kwanza.” Yeye akasema, “Hata mimi niliogopa, dada. Ndiyo maana kila Jumapili ya kutembelea nilikwenda.” Mimi nilikuwa nimetoa hukumu kwa simu. Yeye alikuwa ametembea kwa miguu kwenda kuona.

Tulifika Soweto usiku, mvua ikinyesha. Baba alikuwa kibarazani akitungojea.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Hebu sogea kwenye mwanga nikuone.”

Baada ya chakula, kijana akaanza kumsimulia habari za shule, rafiki yake, taa, na yule bibi wa Nabugoye. Nilijaribu kumkonyeza anyamaze, kwa kuwa nilijua mambo ya Uganda hayatajwi mbele ya baba. Hakuniona. Akaeleza yote, mpaka tarehe 11 Aprili na Pasaka.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, “Sisi tuliambiwa tunakwenda kumwondoa nduli. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna watu wamejifungia ndani wanangoja kusali.” Akalitaja jina la mwenzake ambaye hakurudi. Kwa miaka karibu arobaini sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. Usiku ule alizungumza na mjukuu wake hadi taa ikazimwa.

Wapenzi wasomaji, sisemi kila mtu ampeleke mtoto katika shule ya dini nyingine. Kila nyumba ina maamuzi yake, na mama anaijua nyumba yake. Ninasema tu nilichojifunza. Kwanza, usiihukumu shule ambayo hujakanyaga. Nenda siku ya kutembelea, na nenda pia wiki ya kufunga, watoto wanapokuwa wamechoka na hakuna anayejipamba kwa ajili ya wageni. Kaa kwenye nyasi, umfahamu rafiki wa mwanao. Pili, wale mama wa Mbale walizuiliwa shule, vitabu na nyumba ya ibada, lakini watoto wao hawakusahau, kwa sababu ndani ya nyumba sala haikukoma. Shule nzuri husaidia, lakini ukuta wa shule haulindi kile ambacho nyumbani hakikupandwa.

Siku hizi kwangu hakuna anayegusa chakula kabla ya kushukuru, hata kama ni andazi la njiani. Na mwanangu akija likizo, yeye ndiye anayetukumbusha.