Chombo Kisichotaka Kuguswa

Didier Queloz hakushangilia. Mwanzoni mwa mwaka 1995, katika kituo cha falaki cha Haute-Provence, Ufaransa, mwanafunzi huyu wa Michel Mayor aliiona nyota 51 Pegasi ikiyumba, ikisogea na kurudi kila baada ya siku 4 na ushei. Alichokishuku kwanza ni chombo. Hakuna aliyetazamia sayari kubwa kulizunguka jua lake kwa ukaribu ule. Yumkini spektrografu ndiyo iliyoyumba. Ikabidi kungoja hadi Julai, nyota irudi katika anga la usiku, ipimwe tena. Sayari ilikuwapo, na mwaka 2019 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobeli.

Shaka ile haikupotea bure. Mayor aliongoza utengenezaji wa HARPS, iliyoanza kazi mwaka 2003 katika darubini ya mita 3.6 huko La Silla, Chile. Humo kioo kirefu, chenye mifuo 31.6 kwa kila milimita, huutawanya mwanga wa nyota, nao hupangwa katika mishororo 72, mmoja chini ya mwingine, mithili ya ukurasa wa utenzi. Ndani ya mishororo mna maelfu ya alama nyeusi. Nyota ikienda mita 1 kwa sekunde, alama husogea nanomita 15 hivi. Unene wa unywele ni maelfu ya mara zaidi ya hapo. Ajuaye karaha ya mizani moja iliyozidi ataelewa.

Adui basi ni joto na hewa. Badiliko la nyuzi 1 ya joto, au milibari 1 ya shinikizo, lingeleta uongo wa kama mita 100 kwa sekunde. Ndiyo maana chombo kimefungiwa katika tangi la ombwe, mbali na mitikisiko ya darubini, na mwanga hukifikia kwa uzi wa kioo. Uzi wa pili huleta mwanga wa taa ya thoriamu, shahidi wa usiku kucha: taa ikionekana kusogea, kosa ni la chombo.

Hata hivyo, Dunia huliyumbisha Jua kwa sentimita 9 tu kwa sekunde, na HARPS haifiki huko. Mwaka 2015 nyuzi zake zilibadilishwa. Tangu hapo wanafalaki huvitenga vipimo vya kabla na vya baada, kana kwamba vimetoka katika vyombo viwili.