Ngumi na Nafsi
Tulimtaka kijana wetu atufunze Final Fantasy XIV, mchezo wa mtandaoni utokao Japani, nasi tukachagua kuwa mpigana ngumi. Huyo huanzia Ul'dah, mji wa jangwani, katika ngazi ya 1. Hawi mtawa wa vita ila afike ya 30. Mapigo yake hufuatana: la kwanza hufungua la pili, la pili la tatu. Ni kama chuoni, alifu kwa ujiti kabla ya juzuu.

Ilipoadhiniwa Magharibi, vita vilikuwa vingali vikiendelea, kwani mchezo huo hausimamishwi. Kijana akauzima, akenda kutawadha. Kuizuia nafsi ndio ushujaa tuliofunzwa na Mtume wetu (s.a.w.). Wazazi wenzetu, keti nao wanapocheza, mtayaona wasiyowaambia.