Makaa Chini ya Lyamba lya Mfipa

Nilikulia Ilemba, Bonde la Rukwa, katika nyumba ya wahunzi. Babu hakuwahi kuyeyusha mawe ya chuma. Hiyo ilikuwa kazi ya wazee waliomtangulia, kule juu Ufipa, ambako tanuu za udongo zinazoitwa malungu zilisimama kumzidi mtu kimo na kuvuta upepo zenyewe, bila mvukuto. Tanuu zile zilizimika majembe ya viwanda vya Ulaya yalipojaa sokoni. Babu akabaki na kufua tu: springi za magari mabovu, na baadaye majembe ya kiwanda cha UFI yaliyokwisha makali.

Moto wake ulikuwa wa mkaa wa miombo, na kazi yangu ilikuwa kuvuta mvukuto wa ngozi ya mbuzi. Nikilegea, chuma kinapoa, na babu hakuwa na maneno mengi: "Mume mwenzangu, umelala?" Mkaa ulitoka kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa, nyuma ya mashamba yetu. Siku hizo mteremko ule ulikuwa msitu mtupu, na hakuna aliyefikiri kwamba ungeweza kwisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mjomba wangu, utingo wa lori lililopeleka mpunga na ufuta Mbeya, alirudi na kiroba cha mawe meusi. Yalikuwa makaa ya mawe ya Kiwira. Babu aliyapindua mkononi, akacheka, akayatia motoni juu ya mkaa uliokwisha kushika. Ulitoka moshi wa njano wenye harufu ya kiberiti, majirani wakaja kuuliza kama tunachoma tairi. Lakini moshi ulipokwisha, ulibaki moto ambao sikuwahi kuuona pale karakana: chuma kiligeuka cheupe na kuanza kurusha cheche kabla sijachoka kuvuta. Kipande cha kwanza kiliungua. Baada ya hapo babu alijifunza kuyalowesha makaa, kuyapanga pembeni yatoe moshi kwanza, na kuyasogeza katikati yakiwa yameiva. Kiroba kilipokwisha tukarudi kwenye miombo. Lori lilikuwa na mizigo yenye faida zaidi.

Kilichonishangaza nilikijua nikiwa mtu mzima. Makaa yale hayakuwa mageni kwetu. Miamba yenye makaa ipo Muze, chini ya ukingo uleule unaotutazama sisi Ilemba, na ipo Namwele, juu, upande wa Sumbawanga. Kwa upande wa Ziwa Nyasa, mwanajiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt aliyapima makaa ya eneo la Songwe na Kiwira katika miaka ya 1890. Wajerumani waliyaandika, hawakuyachimba. Reli ya kuyabeba haikufika. Waingereza nao wakaongeza ramani. Mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ulingoja hadi mwaka 1988, ulipofunguliwa Kiwira kwa msaada wa China, pamoja na mtambo wa umeme wa megawati 6.

Mgodi huo ulibinafsishwa mwaka 2005, ukasuasua, ukazua mabishano bungeni na magazetini, kisha ukarudi mikononi mwa serikali chini ya shirika lake la madini, STAMICO. Sisi bondeni hayo yote tuliyasikia redioni. Hata Sumbawanga mjini, yenye makaa jirani, iliwasha taa kwa umeme ulionunuliwa Zambia.

Wakati huohuo Ujerumani ilikuwa inafunga migodi yake. Desemba 2018, huko Bottrop, mgodi wa Prosper-Haniel, wa mwisho wa makaa ya mawe magumu nchini humo, ulifungwa, na wachimbaji wakamkabidhi Rais Steinmeier bonge la mwisho. Niliona picha zile nikadhani enzi ya makaa imekwisha. Haikupita miaka minne, vita ya Ukraine ikapandisha bei, na meli zikawa zinapakia makaa ya mkoa wa Ruvuma katika bandari ya Mtwara, mengine yakielekea Ulaya. Siwalaumu wanunuzi. Ila inauma kidogo kuona jiwe letu linavuka bahari kabla halijavuka mlima kufika Ilemba.

Na mlima wenyewe umebadilika. Mteremko wa nyuma ya mashamba yetu sasa una vipara vyekundu. Bodaboda zinapandisha magunia ya mkaa kwenda mjini, mvua ikinyesha mchanga unashuka mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Karakana ya babu haipo. Jembe linanunuliwa dukani Mtowisa, la kuchomelea linapelekwa kwa fundi mwenye umeme.

STAMICO sasa inatengeneza makaa ya kupikia yaitwayo Rafiki Briquettes kutokana na makaa ya mawe ya Kiwira, na serikali imeziagiza taasisi zinazolisha watu wengi ziache kuni na mkaa. Agizo ni zuri, lakini shule ya bondeni haiwezi kupikia agizo. Ninawaomba wahusika, na halmashauri yetu ya Sumbawanga, wafungue wakala Ilemba au Muze, wenye bei inayoshindana na gunia la mkaa. Pasipo bei hiyo, mpishi wa shule ataendelea kununua miombo, na mimi sitakuwa na hoja ya kumzuia.