Kuruwitu: Samaki wa Baharini na Samaki wa Chunguni



Msafiri atokaye Mombasa kwenda Kilifi, akishavuka daraja la Mtwapa na kuyafikia mashamba ya mkonge ya Vipingo, hukata mkono wa kulia na kuteremka pwani hadi Kuruwitu. Kwa macho ni pwani kama nyingine: mchanga mweupe, mitumbwi iliyovutwa juu, na mbele yake mwamba unaoyavunja mawimbi. Ndani ya mwamba maji hutulia, na siku za bamvua, maji yakitoka, watu hutembea kwa miguu mahali ambapo asubuhi palielea vyombo. Lakini katika maji hayo pana kipande cha takriban hekta 30 ambacho hakitupwi mshipi, hakitegwi dema wala hakichokolewi pweza. Wenyewe hukiita tengefu, yaani mahali palipotengwa.

Palitengwa kwa sababu ya njaa iliyokuwa ikija. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe katika sehemu kubwa ya pwani yetu. Tena majuya yalikokotwa chini, yakizoa wakubwa kwa wachanga na kuvunja makazi yao. Kikande alipopungua, wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu ambao yeye ndiye huwala waliongezeka, wakautafuna mwamba. Wazee walioijua bahari ya ujana wao waliona tofauti kwa macho yao. Mwaka 2003 wakazi waliunda chama chao cha uhifadhi na maslahi, na mwaka 2005 wakakifunga kipande hicho kwa ridhaa yao. Mwaka 2017 walitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP.

Hikima yake ni nyepesi kuifahamu. Samaki jike aliyeachwa akakua hutaga mayai mengi mno kuliko mdogo wa jinsi yake. Mayai na vifaranga huchukuliwa na mkondo, na samaki wakizidi ndani hutoka nje ya mpaka, wakaingia demani mwa mvuvi kwa halali yake. Tengefu ni kama mbegu ambayo mkulima haipiki hata mwaka wa dhiki.

Dini yetu haiuoni mpango huu kuwa mgeni. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mavuvi ya bahari na chakula chake, kama ilivyo katika Suratul Maida, na mahali pengine akataja ufisadi uliodhihiri bara na baharini. Bwana Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, aliitenga ardhi ya Naqii kuwa himaa kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Wanavyuoni wakafafanua tofauti yake na himaa za zama za jahiliya: zile mkubwa alijikatia malisho bora awanyime wengine, na hii ilitengwa kwa maslahi ya wote. Jirani zetu wa Pemba waliifuata njia hiyo. Kisiwa cha Misali, ambacho wenyeji hukifungamanisha na msala wa Nabii Khidhri, kiliwekwa hifadhi mwaka 1998, na mafunzo ya dini yakatumika kuwazindua wavuvi.

Basi kipimo cha himaa ni kuuliza: inamlisha nani? Hapa nawaelekea mama zetu, kwani jawabu liko jikoni.

Mama karanga hungoja vyombo virudi. Hununua samaki wadogo, huwakaanga, na jioni huwauza kwa bei ambayo hata nyumba ya kibarua huimudu. Kwa watoto wengi wa pwani hicho ndicho kitoweo. Ufukweni hapo hapo husimama tajiri, ambaye mara nyingi amemkopesha mvuvi wavu au mashine, hata samaki akawa wake kabla chombo hakijafika. Tajiri huchukua tafi wanono, changu na pweza, wakaenda na barafu mjini na mahotelini. Samaki anapokua, thamani yake hupanda, na huenda akampita mama karanga kwa sababu hiyo hiyo ya kukua. Bahari ikajaa, chungu kikabaki kitupu.

Sisemi biashara ni haramu, wala tajiri ni adui. Mvuvi ana deni na ana watoto. Ninasema kwamba waliovumilia siku za kwanza za kufungwa bahari, mvuvi wa mtumbwi asioweza kwenda mbali na mwanamke aliyeondoka ufukweni na beseni tupu, wana haki katika neema iliyorudi. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, si vya wavuvi peke yao. Wachuuzi na wakaanga samaki pia hukaribishwa uanachama. Basi dada zetu wajiandikishe, waende mkutanoni, waombe fungu la samaki liuzwe kijijini kwanza kabla ya gari la barafu. Wenye deni kwa tajiri washirikiane kuweka akiba, wanunue nyavu halali kwa mikono yao. Nasi wanunuzi tukatae vifaranga waliozolewa kwa juya, hata wakiwa rahisi, kwani urahisi huo hulipwa na wajukuu.

Aliyejinyima ili jirani ale ameacha sadaka inayoendelea. Kuruwitu wamekwisha kuifanya sehemu ngumu, nayo ni kujizuia. Iliyobaki ni kugawa kwa uadilifu.

Ya Rabbi, tubarikie bahari yetu na vyungu vyetu, na utujaalie kuwa waangalizi waaminifu wa ulichotukabidhi. Amin.

Wabillahi tawfiq.