Aliyekula Mchana Afanye Nini?

Katika miaka hii michache Watanzania tumefundishwa habari za ulaji kuliko kizazi chochote kilichotutangulia. Sehemu kubwa ya somo hilo imetoka kwa mtu mmoja, Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo aliyeiongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kisha Hospitali ya Taifa Muhimbili, na ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Vipande vya video zake kuhusu sukari, wanga na faida za kupunguza kula vimezunguka katika simu za watu mpaka vikafika kwenye vijiwe vya kahawa ambako zamani mjadala ulikuwa Simba na Yanga. Wako waliomfanyia mzaha. Mimi nasema somo lile lilihitajika, tena lilichelewa: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikwisha kuonesha kwamba asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Hata hivyo, sukari ya dukani ndiyo inayotutikisa zaidi. Ilipoadimika mwanzoni mwa 2024, baada ya mvua za El Niño kuvuruga uzalishaji, nchi nzima ilizungumza, Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi, na suala likafika bungeni. Sukari iliyomo katika damu ya watu wetu haijawahi kuwa na msimu kama huo.

Lakini liko swali moja ambalo somo la ulaji hulipita haraka, nami nimelisikia likiulizwa Utende. Mtu aliyeambiwa aache, akaacha, kisha akarudia, afanye nini kesho yake?

Utende ni kijiji kilicho ukingoni mwa Ghuba ya Chole, upande wa kusini mashariki wa Kisiwa cha Mafia. Kutoka Kilindoni, makao ya wilaya, unafika kwa barabara ya lami ya takriban kilomita 15, na lami inapokwisha unakuta bahari. Ng'ambo ya maji kiko kisiwa cha Chole, na nyuma yake Juani. Hapo ndipo anapoishi mjomba wangu, fundi wa mashua aliyeachishwa kazi na mgongo. Miaka miwili iliyopita aliambiwa ana sukari. Akapewa vidonge, na karatasi yenye safu mbili: vinavyoruhusiwa na visivyoruhusiwa. Safu ya pili ilikuwa ndefu. Humo mlikuwamo wali mwingi, chapati, maandazi, vitumbua, chai ya sukari, tende, juisi za paketi. Kwa ufupi, kila kitu ambacho mtu wa Pwani humkaribishia mgeni wake.

Kwa miezi minne mjomba alifuata masharti kwa uaminifu ambao haukumshangaza yeyote anayemjua. Mtu aliyezoea kupima ubao kwa jicho na kuukata mara moja hashindwi kupima wali. Alikunywa chai kavu. Alikula samaki wa chukuchuku, matembele, mchicha, na kipande cha muhogo kisichozidi kiganja. Kisha ikaja harusi ya mjukuu wa dada yake, siku tatu, upande wa Chole. Siku ya kwanza alikula pilau kwa sababu sahani ililetwa na shemeji yake mzee, na sahani ya mtu kama huyo hairudishwi. Siku ya pili na ya tatu alikula kwa sababu alikwisha kula siku ya kwanza. Harusi ikaisha, yeye akaendelea.

"Mjomba, nilikwisha kuharibu," aliniambia. Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina hilohilo. "Sasa nijibane kwa lipi?"

Wataalamu wa nafsi wanaijua hali hii. Mwaka 1975 watafiti Peter Herman na Deborah Mack waliwapa wanafunzi maziwa mazito yaliyopigwa kwa sukari, kisha wakawaruhusu kula barafu ya maziwa kadiri walivyotaka, kwa kisingizio cha kuionja. Wanafunzi wasiojali uzito wao, walipokwisha kunywa yale maziwa, walikula barafu kidogo, kama inavyotarajiwa kwa mtu aliyeshiba. Wale waliokuwa wakijinyima walifanya kinyume: walipokwisha kuvunja mwiko wao kwa maziwa, walikula barafu zaidi kuliko wenzao wenye kujinyima ambao hawakupewa maziwa. Kiswahili kina maneno mawili yanayoieleza tabia hiyo kuliko istilahi yoyote ya kitaaluma: potelea mbali. Kilo za mwezi mzima hazirudi kwa sahani moja ya pilau. Zinarudi kwa wiki saba zinazofuata sahani hiyo.

Mjomba alikuwa na wiki saba kamili. Kila Ijumaa aliazimia kuanza upya Jumamosi, na kwa kuwa angeanza Jumamosi, Ijumaa alikula kama mtu anayeaga chakula. Sisi tuna jina la karamu ya namna hiyo, vunja jungu, nayo hufanywa mara moja kwa mwaka, siku za mwisho za Shaabani, kabla ya Ramadhani kuingia. Yeye aliivunja saba.

Kliniki hakurudi. Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo penye uzito. Mara moja kabla ya hapo, alipokuwa kwa mwanawe Dar es Salaam, sukari yake ilikutwa imepanda kidogo katika kliniki moja, na mhudumu akamwuliza mbele ya wagonjwa wenzake kama anataka akatwe mguu. Mzee mwenye wajukuu kumi na mmoja akainamisha kichwa kama mtoto wa darasa la pili. Yamkini mhudumu alikuwa na nia njema, na kwa hakika alikuwa na foleni ndefu. Ila alichofundisha siku ile ni kwamba mtu asiende kliniki mpaka awe na majibu mazuri, yaani aende wakati ambao hana haja nayo. Katika wiki ya tano baada ya harusi, maji yalipotoka, mjomba alikanyaga kombe ufukweni na hakuhisi. Aliona damu kwenye kandambili alipofika nyumbani. Kidonda kile kilikuwa hakijafunga nilipowasili, nacho kilikuwa kimefungwa kitambaa cha kanga, si bandeji.

Ilikuwa Shaabani. Mkwe wake, mke wa mtoto wake wa pili, alikuwa amefunga. Alikuwa akilipa siku saba za Ramadhani iliyopita, na alikuwa na haraka, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Pwani, anayechelewesha deni bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine iingie hulipa siku zake na kuongeza kibaba cha chakula kwa kila siku. Nilimwangalia mama huyu akikoroga uji wa watoto bila kuonja, na jambo ambalo nimelisoma tangu chuoni, nikimaanisha chuo cha Kurani na si hiki kinachonilipa mshahara, likanijia kwa sura mpya.

Fiqhi ya saumu haikuandikwa kwa ajili ya watu wasioteleza. Sehemu kubwa yake inahusu kuteleza. Mgonjwa na msafiri wanakula, kisha wanalipa siku nyingine kwa idadi ileile. Hilo limo katika Sura ya Pili ya Kurani yenyewe. Mzee na mgonjwa asiyetarajia kupona hutoa fidia, kibaba kwa kila siku, na mjomba mwenyewe alikuwa ameambiwa na daktari na sheikh kwa pamoja kwamba hilo ndilo fungu lake. Aliyekula kwa kusahau anaendelea na saumu yake kana kwamba hakula. Na aliyekula makusudi, mchana kweupe, bila udhuru wowote? Huyu ndiye aliyenivutia. Amepata dhambi, saumu ya siku ile imebatilika, na ana deni la siku moja. Lakini haruhusiwi kuendelea kula. Tangu pale alipovunja mpaka jua lizame, analazimika kujizuia, ingawa siku hiyo haihesabiwi tena kuwa saumu.

Nilipokuwa kijana sharti hili lilinionea kuwa adhabu. Leo naona limewekwa na watu walioijua nafsi vizuri sana. Alasiri ya siku iliyovunjika ina hukumu yake. Potelea mbali haina mahali pa kuingilia.

Nikamweleza mjomba haya, kwa ushaufu kidogo wa mtu aliyegundua kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ile ni ya Mungu, mjomba. Hii ni ya daktari."

Nimelifikiria jibu hilo muda mrefu kuliko makala nyingi nilizopitia za wenzangu wa taaluma. Lina ukweli. Ramadhani haimwachi mtu peke yake. Mwezi ukiandama, Utende yote hubadili saa za kula. Hakuna atakayekukaribisha chai saa nne asubuhi, na anayekula hujificha kwa haya. Masharti ya sukari ni mfungo wa mtu mmoja katika kijiji kinachokula. Kila nyumba anayoingia anapaswa kukataa, na kukataa chakula cha mtu ni kumkataa mtu. Tena samaki mzuri, yule aliyemo katika safu fupi ya vinavyoruhusiwa, hapo Utende hushindaniwa na majiko ya hoteli, ilhali unga wa ngano na mafuta ya kupikia yapo katika kila genge. Ukimwambia mtu ajitawale katika mazingira hayo, umempa ushauri ulio sahihi na umemwacha peke yake nao.

Ajabu ni kwamba serikali inajua kufanya vinginevyo. Makao makuu ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia yapo hapohapo Utende. Ilianzishwa mwaka 1995, chini ya sheria ya mwaka 1994, ikiwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini. Ilipoamuliwa kwamba matumbawe na samaki wapumzike, hakuna aliyetegemea dhamira ya kila mvuvi. Yaliwekwa maeneo yasiyovuliwa kabisa na maeneo yanayovuliwa kwa masharti, vibali, na boti za doria. Wavuvi wana malalamiko yao juu ya utaratibu huo, na mengine ni ya haki. Lakini sijasikia mtu akipendekeza kwamba kwa kuwa usiku fulani nyavu haramu zimeonekana ndani ya mpaka, basi hifadhi yote ifutwe hadi mwaka ujao. Samaki amepewa utaratibu. Mwenye sukari amepewa karatasi.

Narudi kwa mfano wa saumu, maana una mpaka wake na sitaki msomaji mwenye sukari aumie kwa sababu yangu. Kulipa siku hakuhamishiki kwenye masharti ya daktari. Anayekunywa dawa za kushusha sukari, kisha akashinda na njaa ili kufidia pilau la jana, anaweza kuishusha sukari mpaka akaanguka, na kuanguka huko huua upesi kuliko pilau. Kinachohamishika ni kule kujizuia kwa saa zilizobaki: mlo unaofuata ule uliovunjwa uwe mlo wa masharti, wa kawaida, usiopunguzwa kwa hasira wala kuongezwa kwa kukata tamaa. Na kingine kinachohamishika ni ile heshima ambayo fiqhi humpa mwenye deni. Mkwe wa mjomba hakuwa na aibu yoyote kusema bado ana siku tatu. Alizitaja mbele yangu kama anavyotaja bei ya nazi.

Ni huyo mkwe, si mimi wala hoja zangu, aliyempeleka Kilindoni. Alimwambia tu, "Baba, kesho daladala ya kwanza," naye akavaa kanzu. Kidonda kilisafishwa, dawa zikabadilishwa, akaambiwa arudi baada ya wiki. Alirudi. Nyumbani walikubaliana kwamba sufuria ya wali itapikwa ndogo kwa wote, na kwamba wageni wa mzee wataandaliwa samaki kwanza. Mkaza mjomba alinung'unika kuhusu wageni, na bado ananung'unika.

Siku ya Iddi nilipiga simu. Mjomba alikuwa amekula pilau mchana, sahani mbili, alinieleza mwenyewe bila kuulizwa. Magharibi jirani akaleta biriani. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akawapa wajukuu, na yeye akachemshiwa changu kwa ndimu. Kidonda kilikuwa kimebaki ukubwa wa shilingi mia. Kliniki ilikuwa Jumanne inayofuata, nami nikamwuliza atasema nini wakimpima na kukuta sukari imepanda.

"Nitawaambia nilikula mchana," akasema, "wakiniuliza na jioni, nitawaambia na jioni."