"Mama, Baba Yuko Wapi?"

Mama mwenzangu, nimewachoma sindano watoto wengi hapa Kamanga, na maswali yao nimeyazoea. Lakini swali moja la mwanangu mwenyewe lilinishinda kwa miaka.

Mume wangu alikwenda kuvua dagaa visiwani mtoto akiwa na miaka sita. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Mwanzoni alirudi kila mbalamwezi. Baadaye ikawa mara moja kwa miezi mitatu, kisha hata fedha za matumizi zikakatika. Mtoto akiuliza, "Mama, baba yuko wapi?" nilimjibu, "Kaliulize ziwa. Yule hana habari na wewe." Nilidhani nasema kweli tu.

Jioni moja nilikuwa nachagua mchele, na mama mkwe alikuwa akimsimulia mjukuu wake hadithi ya Masala Kulangwa, ambayo sisi Wasukuma tumekua nayo. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao. Akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alipokua akauliza, "Baba yuko wapi?" Mama akamweleza yaliyotokea. Basi kijana akawa anakwenda kuwinda. Leo analeta panzi, kesho ndege, anauliza, "Mama, Shing'weng'we ndiye huyu?" Mama anajibu, "Siye, mwanangu, yule ni mkubwa zaidi." Mwisho akaliua zimwi, akalipasua, na watu wote wakatoka wazima, baba yake akiwamo.

Mwanangu akauliza, "Bibi, na baba yangu kamezwa na nani?"

Mama mkwe hakujibu. Aliniangalia tu. Huyo anayeulizwa ni mwanawe aliyemzaa, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akinisikia nikimtukana mbele ya mtoto wake. Niliona aibu, ungo ukanitetemeka mkononi.

Usiku ule sikulala. Nilimfikiria yule mama wa kwenye makapi. Angeweza kumwambia mtoto, "Baba yako alikuwa mzembe, ndiyo maana akamezwa." Hakusema hivyo. Alimwambia adui ni zimwi, wala si baba, na kijana akajua mkuki aelekeze wapi.

Juzi mwanangu, ambaye sasa yuko sekondari, alikuja na hadithi ya Wayunani wa kale iliyotungwa na Homer. Odysseus alikwenda vitani Troy akamwacha mwanawe Telemachus mchanga. Alikaa miaka 20 bila kurudi. Wanaume wakajaa nyumbani kumposa mkewe Penelope na kula mali yake. Lakini Penelope hakulichafua jina la mumewe, na kijana alipokua alipanda merikebu kwenda kuulizia habari za baba. Aliporudi alimkuta, wakasimama pamoja kuisafisha nyumba yao. Mwanangu akasema, "Mama, kumbe nao wana Masala Kulangwa wao!"

Nilimsimulia na ya upande wa pili. Katika pwani ya Kenya wanamkumbuka shujaa Fumo Liongo, ambaye mkuki wala mshale haukumdhuru. Adui zake walimrubuni mwanawe kwa ahadi ya kuozwa binti wa mtawala. Kijana akaipata siri kutoka kwa baba mwenyewe, akamchoma kwa sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Nikajiuliza, mama mwenzangu: nami sikuwa nikiinoa sindano ile kwa maneno yangu, kidogo kidogo, kila jioni?

Sisemi tuwadanganye watoto. Kazini nimewafunga vidonda akina mama waliopigwa, na mtoto wa nyumba hiyo anastahili kuambiwa kwamba alichofanya baba ni kibaya na kwamba usalama unakuja kwanza. Lakini kueleza kosa ni jambo moja, na kumfundisha mtoto kuichukia damu yake ni jambo lingine. Mtoto wa kiume akiambiwa kila siku kwamba baba yake ni bure, ataamini kwamba na yeye ni bure.

Asubuhi ile nilimwita mwanangu nikamwambia, "Baba yako yuko visiwani. Amekosea kutoleta matumizi, na hilo nitasema naye mwenyewe. Lakini ndiye aliyekufundisha kuogelea." Akacheka, akakumbuka. Aliandika barua, tukampa mvuvi aipeleke.

Baba hakurudi mbalamwezi iliyofuata. Alikuja ya tatu, amekonda, na barua imekunjwa mfukoni. Mambo yetu hayajanyooka yote. Bado tunasemezana, na mara nyingine anachelewa. Lakini siku ile mwanangu alimpokea mzigo wake, akamwambia, "Shikamoo, baba." Mama mkwe aliingia jikoni, akanishika mkono bila kusema neno.