Barua kutoka Minneapolis: Mshtakiwa Ana Mkalimani, Mtoto Hana

Waborana wenzangu wa Waso, Isiolo!

Juzi binamu yangu wa Sericho alinitumia ujumbe wa sauti akijisifu. Bintiye wa Gredi ya 1 kavishwa kibao shingoni kwa kusema Kiborana darasani, na mama mtu kafurahi: eti hiyo ndiyo shule! Jamani, tangu lini tukashangilia mtoto kuaibishwa?

Huku Waoromo ni wengi, na lugha yao na yetu zinasikilizana. Jimbo la Minnesota hutoa maelekezo ya kupiga kura kwa Kioromo. Shule ikimwita mzazi asiyejua Kiingereza, ni juu ya shule hiyo kumtafutia mkalimani. Haki za lugha shuleni zilipiganiwa: mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi Wachina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kuwapa wote vitabu na walimu sawa si usawa, ikiwa wengine hawaelewi lugha ya kufundishiwa. Si peponi huku. Wapo wenye digrii wanaosafisha ofisi usiku kwa sababu ya lafudhi tu. Lakini mtoto havishwi kibao.

Kwetu Kenya je? Ripoti ya elimu ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na mtaala wa sasa unasema hivyo hadi Gredi ya 3. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti mkalimani bila malipo. Yaani mwizi wa mbuzi akifikishwa kortini Isiolo ataelezwa mashtaka hadi ayaelewe, na mtoto asiye na kosa anaadhibiwa kwa kutoelewa!

Basi fanyeni hivi. Kwenye mkutano wa wazazi, ulizeni Gredi ya 1 hadi ya 3 wanafundishwa kwa lugha gani. Mwalimu mgeni msimlaumu. Mtafutieni msaidizi anayejua Kiborana. Kaunti ikitangaza kazi ya nesi au karani, daini Kiborana kihesabiwe kuwa sifa ya kazi. Wazee nao wawasimulie watoto jioni, simu ziwekwe kando. Kiswahili na Kiingereza watajifunza, tena vizuri, wakishajua kusoma kwa lugha yao.

Sera ipo na Katiba ipo. Kilichobaki ni mzazi kusimama na kuuliza. Simameni basi, msiningojee mimi wa Minneapolis.